Karata za Mkaguzi

Mkaguzi akikusalimia alikuwa hauachii mkono wako upesi. Anauminya, anaugeuza, anapitisha dole gumba juu ya vifundo vya vidole, halafu ndipo anaitikia. Siku niliyofika Somanda, mtaa wa Bariadi, kupanga chumba nyuma ya nyumba yake, nikiwa na begi moja na barua ya kuripoti hospitali, alinishika hivyo hivyo, akasema, "Mikono hii inaoshwa mno. Ni nesi au mama lishe?" Nikamwambia ni nesi, wodi ya wazazi. "Afadhali ungekuwa mama lishe, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, akacheka peke yake na kunikabidhi ufunguo.

Simtaji jina, na sababu itajulikana mbele. Mjini Bariadi kila mtu alimwita Mkaguzi, hata mchungaji alipokuwa akitangaza zamu za wazee wa kanisa. Alikuwa amekagua pamba maisha yake yote, kwanza kwenye kiwanda cha kuchambulia, na baada ya kustaafu akawa anaitwa kila msimu na chama cha ushirika cha kwao Sola, akae karibu na mzani na kusema pamba ya nani ni safi na ya nani ni fifi. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na takataka. Fifi ni yenye manjano, yenye majani makavu, au iliyodonolewa na wadudu. Nyumba nzima inaweza kungoja neno hilo moja mwaka mzima. Mkulima anasimama kando ya gunia lake na kofia mkononi, na hakuna mtu wa kumbishia Mkaguzi.

Nimekaa na habari zake muda mrefu na bado hazijatulia kichwani mwangu. Nikizipanga vizuri upande mmoja, za upande wa pili zinamwagika. Kwa hiyo nitazisema kama zinavyonijia.

Kwenye gunia hakuanza na macho. Aliingiza mkono mpaka kwapani, akageuza uso pembeni kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, akavuta konzi moja kutoka chini kabisa. "Tuone ya chini," ndilo lilikuwa neno lake. Maana juu ya gunia wote ni waaminifu. Maji ya kuongeza uzito na mchanga wa mtoni vinakaa chini. Neno hilo alilitoa guniani akalipeleka kila mahali. Mwanasiasa akitoa ahadi redioni, Mkaguzi anajibu redio, "Tuone ya chini." Mchumba wangu mmoja, fundi simu mwenye viatu vinavyong'aa, alipokuja kujitambulisha na soda mbili na maneno matamu, Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akaniambia mbele yake, "Mayu, tuone ya chini." Nilikasirika wiki nzima. Baadaye ikajulikana fundi simu ana mke na watoto watatu Kahama. Sikumwambia Mkaguzi kwamba alikuwa sahihi, na yeye hakuniuliza.

Watu wanaopenda ukweli kiasi hicho kwa kawaida huchosha. Yeye hakuchosha, kwa sababu mambo madogo alikuwa anadanganya bila haya. Umri wake nimeusikia wa aina nne. Kovu la kwenye paji lilikuwa la fisi, au la mashine, au la marehemu mkewe, inategemea nani ameuliza. Nilipomwambia kwamba mzee wa kanisa hasemi uongo, akanijibu kwamba hakuna aliyempeleka fisi huyo kwenye mzani.

Kuna habari ya kaka yake, ambayo Sola nzima inaijua. Mwaka mmoja kaka mtu alileta magunia, na Mkaguzi akaingiza mkono, akatoa konzi iliyolowa, akaiweka juu ya meza watu waione. Hakusema neno zaidi ya "Fifi." Kaka akaondoka akitukana kwa Kisukuma mpaka sauti ikaishia barabarani. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mkaguzi alitoka Bariadi na ng'ombe wake wawili wa kulimia, akalima shamba la kaka yake siku tatu bila kumwambia, na bila kuomba radhi. Kaka alimkuta shambani, akamletea maji, hawakuzungumza. Aliponisimulia, nilimuuliza ile ilikuwa toba au kiburi. Akasema, "Ardhi ilikuwa inataka kulimwa."

Sasa karata. Bariadi watu wanacheza lasti kadi, chini ya mti wa bodaboda, kwa makelele. Mkaguzi hakuitaka. Yeye alicheza poka, aliyofundishwa na fundi mgeni aliyekuja kiwandani kufunga mashine na kukwama miezi mitano akingoja kipuri. Fundi alipoondoka, akamwachia pakiti ya karata na ugonjwa wa kutopata wa kucheza naye. Kaka yake alikataa, mchungaji ndiyo kabisa, wanawe wakasema wana kazi. Akaningoja mimi, naamini, kama anavyongojwa mgeni aliyeahidi. Nilipomaliza wiki ya kwanza ya zamu za asubuhi, saa tisa alasiri nilikuta barazani meza ndogo, viti viwili, sahani ya michembe, vile viazi vikavu, na karanga, na kopo la maziwa lililojaa mbegu za pamba.

"Kaa, mayu. Nikufundishe kusema uongo bila dhambi."

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mmoja anapewa karata mbili anazozificha. Mezani zinawekwa tano wazi, za wote, kidogo kidogo. Kila hatua unaweka mbegu: ukijiamini unapandisha, ukiogopa unatupa, na mwenzako anabaki kukisia kama una kitu au unamtisha tu. Anayetupa hajui alichokuwa nacho mwenzake. Huko kutojua ndiko kulikonimaliza mimi. Nimezaliwa na hamu ya kufunua sufuria za watu.

Tulicheza wawili tu, miaka tisa, alasiri tatu au nne kwa wiki, tukipokezana kugawa. Nilimuuliza kwa nini tusimwalike wa tatu. Akasema poka ya watu wengi ni mnada, lakini mkikaa wawili hakuna pa kujificha. Dau lilikuwa mbegu, zile zenye manyoya, na mwisho wa siku zote zilirudi koponi. Mchungaji alipotukuta siku moja, karata zimetandazwa mezani, Mkaguzi alimsogezea kopo na kusema, "Tunachagua mbegu, mchungaji." Mchungaji akatazama karata, akatazama mbegu, akala michembe.

Mtaani walisema. Mjane na nesi asiyeolewa, barazani, kila siku. Mimi niliumia, yeye akafurahi. Alisema kwa umri wake kusingiziwa ni heshima. Halafu kimyakimya akahamisha meza kutoka baraza ya nyuma akaiweka ya mbele, upande wa barabara, ili kila apitaye atuone tukibishana juu ya jeki ya shupaza. Hakunieleza kwa nini. Maneno yakaisha yenyewe.

Miaka ya kwanza nilikuwa namsoma. Akiwa na karata nzuri alikuwa anakuwa mkarimu, anakusogezea karanga. Akiwa anatisha, anasimulia fisi. Lakini miaka miwili ya mwisho akabadilika, na mimi nikajisifu kwamba nacheza na bingwa. Alianza kunitaka nizitaje kwa sauti karata zote zinazofunuliwa mezani. "Taja, mayu, tusije tukagombana baadaye." Nikawa nataja: saba ya uru, kingi ya pau. Macho yake yakaacha kunitazama usoni, yakawa yanapita juu ya bega langu, na mimi nikasema moyoni, mzee huyu amejifunza kuficha hata macho. Alikuwa anazipapasa karata zake taratibu, kwa vidole vya mikono yote miwili, kabla ya kuzilaza chini, wala hazinyanyui tena. Nikaiga. Nikawa na mimi nazipapasa zangu na kutazama juu ya bega lake, nikidhani huo ndio ufundi.

Alikuwa ameacha kusoma gazeti. Akasema magazeti yameharibika. Nikipita uani bila kusema, hanisalimii, nikasema amenuna. Siku moja alikunywa chai yenye sisimizi wanaoelea, na mimi nikacheka nikasema, "Mkaguzi, leo unakula nyama." Akacheka na yeye, akamaliza kikombe. Mimi ni nesi. Nimefundishwa kumtazama mtu anavyoingia mlangoni na kujua kinachomuuma kabla hajasema. Yote hayo nilikuwa nayaona kwa macho yangu mawili, na nikayaita poka.

Siku ya kuharibika ilikuwa Jumamosi, jua kali. Mkaguzi alikuwa ameingia ndani kuchukua karanga, mimi nikachanganya karata kumngoja. Dole gumba langu likasimama kwenye ukingo. Palikuwa na mkato mdogo, wa wembe, usioonekana. Nikatafuta karata nyingine, mkato upo, mahali tofauti. Nikazitandaza. Zote zilikuwa na mikato, upande mrefu ukitaja namba, upande mfupi ukitaja aina. Maana anayegawa kila karata inampitia vidoleni. Alipogawa yeye, alikuwa anajua nilichoshika kabla sijajua mimi.

Alipotoka na sahani, mwenye duka wa jirani alikuwa amesimama barazani akimletea unga. Mimi sikungoja aondoke.

"Mkaguzi, karata zina alama."

Aliweka sahani mezani, akakosea kidogo, karanga zikamwagika. "Zina alama," akasema.

"Nani kaweka?"

"Nimeweka mimi."

"Ili uone zangu? Miaka yote hii nataja karata kama mtoto wa darasa la kwanza, kumbe unanichezea?"

Alisimama na mkono wake mmoja mezani, kiganja juu. Nilikuwa namngoja aseme lolote, hata uongo wa fisi. Akasema, "Sema unavyoona, mayu."

Nikamwita mwizi. Nilimwambia mtu aliyekamata wezi wa mchanga maisha yake yote ndiye aliyekuwa mwizi kuliko wote. Nikakusanya pakiti nikaondoka nayo, kama kidhibiti, sijui cha kumpelekea nani. Sikuhitaji kuipeleka popote. Mwenye duka alikuwa amesikia, na dukani kwake watu wa Sola wakija mjini hununua chumvi.

Haikupita wiki mbili. Viongozi wa ushirika hawakumtukana. Walimwambia msimu huo apumzike. Lakini kwenye kituo cha pamba watu waliuliza kwa sauti: mtu anayemwibia rafiki yake karata za mbegu, gunia langu alilifanya nini? Kaka yake ndiye aliyeuliza zaidi. Mkaguzi angeweza kuja barazani akasema neno moja. Hakusema. Alifunga nyumba, akahamia Sola kwa binti yake wa mwisho, na mimi nikatafuta chumba kwingine, karibu na hospitali. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na upweke mkubwa, ambao ulinitia hasira zaidi.

Pakiti niliiweka kabatini. Baada ya zamu nikawa naitoa, nafumba macho, nazipapasa, nipate kujua alikuwa ananionaje. Mwanzo vidole vilikuwa mbumbumbu. Baada ya miezi nikaweza: mkato wa juu ree, ile ya moja, wa pili kingi, na kushuka hivyo. Na kadiri nilivyoweza ndivyo jambo moja lilivyozidi kunisumbua. Nilipokumbuka siku zetu, mara kwa mara nilishinda alipogawa yeye. Nilipogawa mimi nilishindwa. Nilirudia kukumbuka, nikidhani nimegeuza. Sikuwa nimegeuza. Yule mwizi alikuwa anajua karata zangu, halafu anatupa zake.

Ni mwizi gani huyo? Nilimuuliza hata muuguzi mwenzangu, bila kusema ni nani. Akanijibu kwamba labda alikuwa ananipenda. Nikamwambia aache upuuzi, kisha nikalifikiria siku nzima na bado sikuona linafika wapi.

Miezi minane ilipita. Binti yake wa mwisho akaletwa wodini kwetu kujifungua, akajifungua salama mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Nilimhudumia kwa adabu ya kazi, sikutaja baba. Nilipomkabidhi mtoto akasema, "Baba atafurahi kumshika. Kuona ndiyo hivyo tena."

"Kuona nini?"

Alinitazama kama anayedhani namtania. "Si baba haoni, tangu mwaka juzi? Wewe si ndiye uliyekuwa unamsomea karata? Alisema, Nesi ananisomea, sihitaji mtu mwingine."

Nilikwenda kusimama chooni. Nililia, kisha nikaosha uso na mikono, mikono ile inayooshwa mno.

Jumapili iliyofuata nilipanda basi mpaka Maswa, nikachukua bodaboda mpaka Sola, pakiti iko kwenye mkoba. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala, mbele yake kuna ungo wa choroko anazozichagua kwa vidole.

"Mwadila, baba," nikamsalimia.

Alinyoosha mkono, nikampa wangu. Akauminya, akaugeuza, akapitisha dole gumba juu ya vifundo. "Mwadila, mayu. Umekonda. Umeleta karata zangu?"

"Nimeleta."

"Ulinichukulia macho ukaondoka nayo."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi, nikamwambia nilikosa, sikujua. Akaniambia niinuke, nitachafua nguo, nguo ambayo hakuiona. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mimi ni nesi, ningempeleka akatibiwe.

"Nilikwenda Mwanza peke yangu. Wakasema ni presha ya macho, iliyokwenda hairudi. Sasa wewe ungenifanyia nini? Ungenishika mkono tukapita sokoni, watu waone."

"Lakini kuitwa mwizi, baba! Neno moja tu ungesema."

Aliendelea na choroko. Jiwe dogo alilikuta, akalitupa nyuma yake. Kisha akaongea polepole, na nitayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu mimi mwenyewe sijayamaliza.

"Misimu miwili nilikaa pale kwenye mzani sioni. Unyevu, mkono unaujua. Mchanga, mkono unaujua. Manjano, mayu, mkono haujui. Manjano ni ya macho. Mtu analeta gunia, kavu, laini, nami sijui kama ni nyeupe. Nikawa nasikiliza sauti yake. Akiongea kwa kujiamini, safi. Akisitasita, fifi. Wapo waliositasita kwa sababu ya umaskini tu. Hapa wanadhani macho yameniishia nilipohamia. Nikisema leo nilikuwa kipofu tangu wakati ule, kila niliyemwambia fifi atakuja na haki yake, na sina cha kuwarudishia. Mwizi wa karata kamwibia mtu mmoja, tena mbegu. Nikachagua huyo."

"Ungeacha kazi."

"Ningeacha." Alitikisa ungo. "Kila asubuhi nilikuwa naacha. Halafu wanakuja kunichukua, wananiita Mkaguzi, nakwenda."

Sikujua nimchukie au nimshike mkono. Akilini niliwaona wale waliosimama na kofia mikononi. Nilimwona na yeye, uso pembeni, anasikiliza sauti ya mtu akitafuta rangi. Nilikuwa nimekuja kumrudishia jina lake. Nikakuta kwamba jina baya nililompa ndilo alilojifunika nalo, na nikilivua atabaki na baya zaidi. Nikamwambia nitawaeleza ushirika ukweli, angalau kwamba hakuwa mwizi. Akaweka ungo chini.

"Yaya," akakataa kwa Kisukuma. "Usiseme nikiwa hai. Nikishaondoka sema, lakini jina langu liache. Watakaonijua watanijua."

Nimetii. Alizikwa pale Sola mwaka jana, kabla ya vituo vya pamba kufunguliwa, na kaka yake ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Nilitamani kumwambia kaka mtu. Sikumwambia. Mpaka leo sijui kama kutii kwangu kulikuwa wema kwa mmoja au ubaya kwa wengi.

Lakini siku ile bado nilikuwa na swali langu, dogo, la aibu, ambalo hata lile kubwa halikuliondoa.

"Baba, ulipogawa wewe, ulikuwa unajua nilichoshika?"

"Vidole vinajua. Siwezi kuviambia visijue."

"Mbona basi ndipo ulipokuwa unashindwa?"

Alifuta mikono kwenye suruali. Akaita binti yake alete kopo la mbegu, kumbe alihama nalo. "Gawa," akasema.

Nikageuza ndoo tukaifanya meza. Nilichanganya karata, nikagawa, moja yake moja yangu. Sikukusudia, lakini miezi minane ilikuwa vidoleni mwangu. Nikazijua zake kabla hajazishika: mbili ya pau, saba ya kopa, hakuna mbaya kuliko hizo. Zangu sikuhitaji kuzifunua. Kingi, na kingi.

Mkaguzi alizipapasa zake, mikono yote miwili. Akazilaza. Akaanza kunisimulia habari ya fisi. Kisha akaweka viganja nyuma ya mbegu zake zote akazisukuma mbele, mpaka za mwisho, na kutazama juu ya bega langu kwa macho ambayo hayakuwa na kazi tena.

Nilitakiwa kusema nafuata. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Nikazilaza karata zangu chini, nikazisukuma kando.

"Natupa," nikasema.

Mkono wake ukatambaa juu ya ndoo ukazitafuta nilizotupa. "Tuone ya chini," akasema. Kidole kikapita kwenye ukingo wa kwanza, kikapita wa pili, kikarudi tena wa kwanza.

"Kingi mbili."

"Ndiyo, baba."

"Na zangu ulizijua, umegawa wewe."

"Nilizijua."

"Kwa nini umetupa?"

Nikatafuta jibu. Huruma haikuwa. Wala sikuwa namlipa. Niliangalia zile mbegu zilizotapakaa, na mkono wake juu ya karata zangu, nikangoja lije, lisije.

"Sijui, Mkaguzi."

"Ee," akasema, akaanza kukusanya karata achanganye. "Hata mimi nilikuwa najiuliza."